Kipele cha Mpiga Tarumbeta

4 Juni
Gesti ya nyuma ya kituo cha mabasi

Mama Kidoti, mke wangu,

Tumefika salama, ingawa salama yenyewe ni ya kubembeleza. Gari la bendi liliharibika njiani, likatengenezwa, likaharibika tena, na safari nzima nilipakata ngoma kubwa kwa sababu Kiongozi hamwamini mtu mwingine nayo. Chumba chetu kina vitanda viwili, ndoo moja na dirisha linalotazama ukuta. Nalala na Saksi. Ukiniuliza kati yake na saksafoni yake nani ana kelele zaidi, sitakujibu.

Jana tulipiga ukumbi wa kwanza, watu wakajaa hadi wengine wakasimama juu ya viti. Kiongozi anasema tukiendelea na ziara bila kuharibu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunaingia studio kurekodi. Nyimbo mbili zinaanza na tarumbeta yangu peke yake, kabla hata ya gitaa. Unaelewa maana yake? Miaka yote hii nimepiga nikiwa nyuma ya migongo ya watu.

Kuna jambo dogo tu. Tangu niondoke nyumbani kuna kipele kimeota juu ya mdomo, chini ya pua, upande wa kushoto. Si kitu. Ila ndipo hasa kinywa cha tarumbeta kinapokaa, kile kikombe cha chuma ninachobonyezea midomo, kwa hiyo kila nikipuliza kinanikumbusha kwamba kipo. Sauti, yule dada mwimbaji wetu, alinionea huruma akanipa krimu yake ya uso. Nikapaka, na kulipokucha uvimbe ulikuwa umenywea kama mchezo. Usiwe na wasiwasi.

Ukiandika, mpe barua dereva wa basi la asubuhi. Simu ya gesti ni pambo, na ile ya hospitalini kwenu najua Muuguzi Mkuu anaifungia kufuli.

Nibusie Kidoti. Mama asibebe ndoo.

Wako,
Baba Kidoti


8 Juni
Nyumbani

Baba Kidoti,

Barua yako nimeisomea kazini, kwenye chumba cha kufungia vidonda, nimesimama, mkono mmoja una glavu na mwingine hauna. Nilipofika kwenye neno krimu nikakaa.

Itupe. Leo hii. Mimi hizo krimu nazijua, zinaletwa hapa kila wiki zikiwa nyusoni mwa watu. Ndani yake kuna dawa ya kutuliza uvimbe. Ngozi inanyamaza, na huko chini bakteria wanaendelea kula kwa raha zao. Wewe unaona kipele kimenywea unadhani kimepona. Hakijapona, kimezibwa mdomo.

Nimemweleza daktari wetu, akaandika antibiotiki ya kupaka. Tyubu nimempa dereva pamoja na barua hii. Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza Kiongozi. Nawa mikono kwanza. Kigaga kilainishe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kitoke chenyewe, usikibandue kwa kucha. Kausha, halafu paka kidogo, kama punje ya mchele, asubuhi, mchana na jioni, na usiache eti kwa sababu kimeanza kukauka. Taulo lako ni lako peke yako. Kinywa cha tarumbeta ukichemshe kila ukimaliza kupiga, na asikiguse mtu.

Na usikiminye. Nakuomba kwa jina la mtoto wako, usikiminye. Pale kati ya pua na mdomo mishipa ya damu inapanda hadi nyuma ya jicho, na kutoka hapo si mbali na ubongo. Nimewahi kumwona mtu aliyeminya kipele cha mahali hapo. Sitaki kukuandikia nilichokiona.

Ukishikwa na homa, au uvimbe ukianza kupanda, achana na tyubu, kimbia hospitali. Dawa ya kupaka ni ya juu ya ngozi. Kilichoingia ndani haikifuati.

Halafu kuna lingine. Krimu ya huyo Sauti ilifikaje mdomoni kwako? Alikupa kopo ukajipaka, au alikupaka yeye? Nauliza tu.

Kidoti hajambo. Leo amelala mapema.

Mama Kidoti


13 Juni
Gesti nyingine, mji wa pili

Mke wangu,

Tyubu nimeipata. Nafanya yote uliyosema, nanawa mikono kama mtu anayekwenda kupasua wenzake. Krimu nimeirudisha kwa mwenyewe.

Kuhusu huyo mwenyewe: alinipa kopo, nikajipaka kwa kidole changu, mbele ya bendi nzima, Saksi akinicheka. Umeridhika? Yule ananiita kaka, mimi namwita dada, na hadithi imeishia hapo. Nilipokuwa nasoma ile "nauliza tu" yako niliona kama nimesimamishwa kizimbani.

Kipele kinaendelea vizuri. Kimepasuka, kikatoa majimaji ya rangi ya asali, yakaganda. Kimezaa wadogo zake wawili hapo pembeni, lakini wadogo kweli. Shida ni kazi. Mchana kinakauka, jioni nikipuliza kinafunguka upya. Juzi nilishusha tarumbeta mwisho wa wimbo nikaona damu kwenye kinywa chake, na huku watu wananipigia makofi. Nilifuta kwa shati nikainama kuwashukuru.

Nitumie tyubu nyingine, hii inaelekea kwisha. Na je, dawa hiyo inafaa kidevuni? Saksi kaota kimoja. Ananiomba nikuulize.

Kidoti anauliza habari zangu? Hukuniandikia lolote juu yake.

Baba Kidoti


17 Juni
Nyumbani

Baba Kidoti,

Ile tyubu, kwa kipimo nilichokupa, ingekufikisha mwisho wa ziara na bado ukarudi nayo. Kwako inakwisha. Ama unaipaka kama siagi kwenye mkate, ama inazunguka bendi nzima. Vidole vya watu wangapi vimepita kwenye mdomo wa hiyo tyubu, kutoka kidondani kurudi tyubuni? Unajua hapo mnagawiana nini?

Saksi kaota. Na Sauti? Naye ana kipele? Kiko sehemu gani? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Sasa nikwambie nililokuficha. Nilikuandikia kwamba Kidoti hajambo. Haikuwa kweli. Hukumaliza wiki tangu uondoke, akaota kidonda chini ya pua, palepale pako. Kikaenda pembeni mwa mdomo, kikashuka hadi mguuni kwa kujikuna. Mama yako akasema ni joto. Mimi nikampaka dawa ileile niliyokutumia wewe. Nimeipaka kwa mikono yangu, kwa wakati wake, sijaruka hata mara moja, na vidonda vinaongezeka. Jana nilipomsogelea na pamba alirudi nyuma hadi ukutani akasema, "Mama usinishike, wewe unauma." Mimi huyo, ambaye watu wazima hunichagua mimi wakija kufungwa vidonda kwa sababu mkono wangu ni mwepesi.

Daktari amechukua usaha kwa kijiti cha pamba akaupeleka maabara. Anashuku bakteria hawa wameshakuwa sugu kwa dawa hiyo. Kwa hiyo tyubu unayoililia huenda haikusaidii kitu. Nenda hospitali ya hapo ulipo. Waambie wachukue cha kwako pia.

Na usinifanye mtoto mdogo. Wiki nzima kabla ya safari ulikuwa unachelewa kurudi, unasema mazoezi. Asubuhi unaondoka ulimbusu Kidoti uso mzima. Hiki kitu umekiokota kwenye mdomo wa mtu, ukaja nacho, ukamwachia mwanangu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nataka ukweli, hata ukiwa mchungu.

Mama yake Kidoti


23 Juni

Mke wangu,

Nimesoma habari ya Kidoti nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za gesti mpaka Saksi akaja kuniuliza nani kafa. Kwa nini hukuniambia? Ningekuwa hapo ningemshika mimi, ukapaka wewe.

Sina mwanamke. Nimeshaandika hivyo mara moja na naandika tena, na sijui niandike kwa wino gani ndipo uamini.

Tyubu ilizunguka, ni kweli. Tunakula sahani moja, ningemnyimaje mtu dawa? Na nilikiminya. Siku ile kilikuwa kimejaa, kinavuta mdomo wote, na watu wameshaanza kupiga miluzi ukumbini. Nikaingia msalani, nikakiminya kwa leso mbele ya kioo. Kilitoa usaha mwingi, nikapata nafuu papo hapo, nikapiga kuliko siku zote tangu nianze kazi hii. Sasa pamevimba kiasi. Nisamehe mwandiko, jicho la kushoto linajifumba, nadhani ni usingizi. Kichwa nacho kinagonga, ila chumba hiki hakina hewa.

Hospitali nitakwenda, nimeahidi, lakini baada ya Jumamosi. Nikiondoka sasa Kiongozi atampa mtu mwingine zile nyimbo mbili. Nimezingoja nusu ya maisha yangu. Siwezi kuziacha kwa ajili ya kipele.

Mpake Kidoti polepole. Mwambie ni baba anapaka.

Baba Kidoti


25 Juni
Kwa Kiongozi wa Bendi. DEREVA AMPE MKONONI.

Shemeji Kiongozi,

Salamu utanisamehe, sina nafasi nazo.

Mume wangu ameniandikia kwamba jicho lake la kushoto linafumba na anadhani ni usingizi. Usingizi haufumbi jicho moja. Alikiminya kile kipele, na bakteria wameingia ndani, wanapanda. Hiyo si kazi ya dawa ya kupaka tena, wala vidonge vya dukani. Ni sindano za mishipani, wodini, na ni leo. Usingoje kurekodi. Usingoje chakula. Akikwambia yuko sawa, usimsikilize. Akisema mngoje hadi jioni, mbebeni.

Ningepanda basi hili hili nije mwenyewe. Kidoti alipandwa na homa jana, amelazwa, nipo naye kitandani na dripu iko mkononi mwake. Nimegawanyika, shemeji. Nimeweka nusu yangu kwenye karatasi hii.

Na huyo mwimbaji wenu, kama kweli anampenda kama ninavyodhani, basi mapenzi hayo ayaonyeshe kwa kumfikisha hospitali.

Mke wa mpiga tarumbeta wako


28 Juni

Shemeji yangu mpendwa,

Mumeo yu hai. Naanza na hilo ili uweze kusoma yanayofuata.

Mimi si mtu wa kujitetea, lakini huna budi kujua yalivyokuwa. Dereva alinipa barua yako Jumamosi asubuhi, mlangoni mwa studio. Saa za studio zilikuwa zimeshaanza kuhesabiwa, mafundi wamevaa vile visikio vyao vya kufunika masikio, kila mtu ameshika chombo chake. Nikaitia mfukoni. Nilidhani ni mambo ya nyumbani, yanaweza kungoja wimbo mmoja.

Mumeo alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti na jicho limefumba kabisa, shavu limemvimba, anatetemeka. Nilimwuliza, "Utaweza?" Akasema, "Hesabu tu, Kiongozi." Nikahesabu. Akapuliza, ikatoka hewa tupu. Akapuliza tena. Sauti akavua visikio akanijia. "Hiyo barua ya nani?" Nikamwambia si yako. Akaitoa mfukoni mwangu mwenyewe, mbele ya watu, akaifungua, akaanza kuisoma kwa nguvu. Alikuwa karibu na kipaza sauti, kwa hiyo hata mafundi nyuma ya kioo wakaisikia yote. Yote, shemeji. Mpaka ile sehemu inayomhusu yeye. Alipoifikia aliirudia tena mstari kwa mstari bila kuruka neno. Kisha akaikunja, akamkabidhi mumeo, akasema, "Haya kaka, tumeamriwa. Twende." Akamshika mkono upande mmoja, Saksi upande mwingine. Mumeo alipiga hatua za kufika mlangoni, akaanguka, wakambeba hadi hospitali.

Alikuwa hajitambui hadi jana jioni. Walimpasua pale juu ya mdomo kutoa usaha, na wanamchoma sindano mchana kutwa. Daktari mmoja wa kike alinitoa nje ya wodi akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema kiongozi wake. Akanitazama kutoka viatu hadi kofia, akasema, "Kiongozi wa kwenda wapi?"

Anasema jicho litapona. Mdomo hakutuahidi.

Nyimbo tulirekodi mchana ule ule, maana studio haingojei. Mwanzo wa tarumbeta kaupiga Saksi kwa saksafoni, huku analia. Usimlaumu, mimi ndiye niliyemwagiza. Na Sauti, nakuapia, ana mchumba wake fundi umeme na hana habari na mwingine.

Mtoto anaendeleaje?

Kiongozi


1 Julai
Wodi ya watoto

Mume wangu,

Kidoti homa imeshuka. Daktari amembadilishia dawa ya kupaka, aina mpya ambayo bakteria hawa hawajaizoea, na vidonda vimeanza kukauka kuanzia pembeni kuingia ndani, kama inavyotakiwa. Leo ameomba uji, akaukataa kwa sababu si wa rangi anayoitaka. Nikajua mwanangu amerudi.

Waambie madaktari wako jina la dawa nililoandika nyuma ya karatasi hii, na orodha ya zile ambazo hazifanyi kazi.

Sasa kaa vizuri kitandani.

Majibu ya maabara yalipotoka, Muuguzi Mkuu hakupendezwa nayo. Alisema bakteria wenye tabia hiyo hawaokotwi mtaani, ni wa hospitalini. Akaamua kila anayefanya kazi kwenye chumba cha vidonda apitishwe kijiti cha pamba puani. Mimi nilijipanga wa kwanza, kichwa juu, kwa sababu nilijua kosa ni lako.

Wamo puani mwangu. Ni wale wale wa Kidoti, wanakataa dawa zile zile. Sina kipele, sina kidonda, sijawahi hata kukohoa. Wanakaa tu humo kama wapangaji, na mimi najigusa pua bila kujua kama kila binadamu, halafu naushika uso wa mtoto. Unakumbuka asubuhi unaondoka nilikunyoa masharubu? Wembe ulikukata kidogo juu ya mdomo. Nilikufuta damu kwa kidole changu, nikapapuliza pasikuwashe.

Hukukitoa kwa Sauti. Hukukitoa kwa mdomo wa mtu yeyote nje ya nyumba hii. Nilikutumia matusi, na nikakutumia dawa isiyofaa, na ugonjwa wenyewe nilikuwa nimeshakupa kabla hujapanda gari.

Nimeondolewa kwenye chumba cha vidonda. Napaka antibiotiki ndani ya pua asubuhi na jioni, napaka mbele ya kioo na siwezi kujitazama. Kuna bibi mmoja wa kisukari ambaye kidonda cha mguu hakikufunga miezi yote hii, na kila alipokuja nilimgombeza kwamba hafuati masharti. Nimemwuliza Muuguzi Mkuu kama ni mimi. Anasema hakuna anayeweza kujua. Jana bibi huyo alipita koridoni akanisalimia kwa furaha, akaniuliza mbona siku hizi haoni ule mkono wangu mwepesi.

Sijui niombe radhi kuanzia wapi.

Mama Kidoti


6 Julai
Wodi ya wanaume

Mama Kidoti,

Jicho limefunguka. Naona vitu viwiliviwili nikichoka, ila naona.

Barua yako nilianza kwa kuicheka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alidhani nimeletewa habari ya harusi. Nikaisoma tena, kicheko kikaisha, nikaiweka chini ya mto, na tangu hapo nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwako. Si ya pua. Pua hukujua, nani angejua? Ni ya ule ukarani wako wa kunihesabia midomo ya watu. Nilikuwa na homa, jicho limefumba, na nilichokuwa nakitafuta kwenye barua zako ni neno moja la upole. Nikaogopa kukueleza hali yangu vizuri kwa sababu kila nilichosema kilikuwa ushahidi. Ndiyo maana nilikuandikia usingizi.

Sauti alikuja kuniona na mchumba wake. Aliniuliza, "Wifi bado ananichukia?" Nikamwambia sijui.

Daktari amenionyesha kioo. Kovu liko pale pale pa kinywa cha tarumbeta. Anasema nisiweke chuma mdomoni mpaka mwakani, na hapo ndipo tutajua kama midomo itashika au la. Kiongozi ametafuta mpiga tarumbeta mwingine wa kumalizia ziara. Ni sawa. Ningefanya hivyohivyo.

Mbusu Kidoti. Au usimbusu. Sijui siku hizi tunaruhusiwa nini.

Baba Kidoti


10 Julai
Nyumbani

Baba Kidoti,

Yote uliyoandika ni kweli na sitayajibu.

Kidoti tumetoka naye hospitali. Ana madoa mepesi tu usoni, mama yako anasema yatafutika kabla hajafika umri wa kujitazama.

Nimepimwa tena pua baada ya kumaliza dawa. Bado wamo. Muuguzi Mkuu alinipa majibu akiwa amesimama mbali kidogo, kwa heshima, lakini mbali. Wamenipeleka kwenye stoo ya mashuka. Nahesabu mito.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Ukiruhusiwa, usije hapa. Nenda kwa kaka yako, ana chumba cha nje, shemeji yako atakutunza. Kovu bado bichi, na mimi bado nimewabeba bakteria. Sitaki kulala nikisikiliza pumzi yangu inavyoenda kwako. Nimemwandikia kaka yako, amekubali. Nitakuletea Kidoti dirishani umwone.

Usidhani nakufukuza. Ni mikono yangu ndiyo naifukuza.

Mama Kidoti


13 Julai
Wodi ya wanaume

Mke wangu,

Kaka yangu hatanipata. Mwandikie tena umwambie akiazime hicho chumba kwa mtu mwingine.

Nilimpa daktari wangu barua yako aisome. Yule wa kike, aliyemuuliza Kiongozi anaongoza kwenda wapi. Aliisoma, akaniambia, "Inua kichwa, angalia juu," akanitia kijiti cha pamba puani kabla sijauliza. Majibu yametoka leo. Wamo na kwangu. Akacheka, akasema kwa Kidoti nako watakuwamo, na kwa mama pia, ndiyo maana dawa yako haikufua dafu. Ulijitibu peke yako kwenye nyumba ya watu wanne. Unawafukuza asubuhi, jioni mtoto anakurudishia kwa kukulalia begani. Tungezungushiana mpaka uzee.

Anasema dawa hiyo ipakwe na nyumba nzima kwa pamoja, tuanze siku moja na tumalize siku moja, puani, asubuhi na jioni. Shuka na taulo zichemshwe wakati huohuo. Nimepewa tyubu nne, kila mtu na yake. Amenikazia macho hapo: kila mtu na yake.

Hasira bado ninayo kidogo. Nitakuja nayo, tutaitafutia pa kuiweka. Lakini nimelala hapa nikitazama dari, nikajiuliza kama ningekuwa mimi niliyekuwa nao puani, na wewe uliyechelewa kurudi, ningekuandikia nini. Jibu lake silipendi.

Naondoka hapa keshokutwa kwa basi la asubuhi. Tarumbeta nimemwachia Saksi aitunze, mikono yangu haina mzigo. Mwambie mama achemshe maji mengi. Mshike Kidoti kama kawaida, alishapata kilichokuwepo cha kupata.

Na duru ya pili ya dawa, hata kama Muuguzi Mkuu ameshakuandikia, usianze bila mimi.

Mume wako